Aliyeona Alimwambia Nani?



Msiba mkubwa ukitushukia, neno la kwanza linalotoka midomoni mwetu ni kwamba Mungu amependa hivyo. Tunalisema kwa nia njema, tukitafuta kuwafariji waliofiwa, nami pia nimelisema mara nyingi kando ya jeneza. Lakini iko misiba ambayo neno hilo haliifai, kwa kuwa linamtwika Mungu mzigo wa mtu aliyeacha kufanya kazi yake.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 26 Februari 1972, katika bonde jembamba la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia nchini Marekani, ukuta wa taka za mgodi wa makaa ya mawe ulibomoka. Maji meusi yapata lita milioni 500 yaliteremka bondeni, yakavipitia vijiji 16 kimoja baada ya kingine, yakaua watu 125 na kuwaacha zaidi ya 4,000 bila nyumba, katika bonde lililokuwa na wakazi kama 5,000. Kampuni yenye mgodi ilisema kwamba lile lilikuwa tendo la Mungu. Mvua ilinyesha sana, alaumiwe nani? Mkazi mmoja wa bonde alijibu, na jibu lake linasimuliwa hata leo, kwamba yeye hakumwona Mungu akiendesha magari ya taka wala akivaa kofia ya mgodini.

Wasomao Injili ya Luka wataukumbuka mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Bwana Yezu aliyakataa mawazo ya wale waliodhani kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Hakutuambia ni nani aliyeujenga mnara ule, wala kama kuna mtu aliyepita kuukagua. Lakini sisi tunaoishi chini ya minara ya namna yetu hatukukatazwa kuuliza.

Natamani kwanza tuelewe kitu chenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kuona mgodi wa makaa ya mawe. Makaa hayatoki ardhini yakiwa safi. Hutoka pamoja na mawe na udongo, kisha huoshwa. Mawe makubwa hurundikwa mahali fulani, na maji ya kuoshea, yaliyojaa vumbi laini la makaa, hutafutiwa shimo la kutuama. Mara nyingi mawe yale yale ya taka ndiyo yanayojengewa ukuta wa kuyazuia maji. Hapo ndipo hatari inapoanza. Bwawa la maji ya kunywa hujengwa mara moja, na watu wanaolihitaji. Ukuta wa taka hujengwa mwaka hata mwaka, na watu wanaotaka tu kuziondoa taka machoni pao. Hauna siku ya kukamilika. Tena kwa nje unadanganya: juu waweza kutembea kwa miguu mikavu, lakini ndani umelewa maji, na siku maji yakizidi, kilima kizima hulegea ghafula na kutiririka kama uji.

Ndivyo ilivyokuwa Aberfan, kijiji cha wachimba makaa katika nchi ya Wales. Juu ya kijiji hicho mgodi ulikuwa umerundika taka zake mlimani, lundo baada ya lundo, na lile la 7 lilianzwa mwaka 1958 juu ya chemchemi. Chemchemi haikuwa siri. Wenyeji waliijua, na ramani ziliionyesha. Mwaka 1944 lundo jingine la mlima huo lilikuwa limeteleza. Mwaka 1963 lundo la 7 lenyewe liliteleza. Mwaka huo huo mhandisi wa halmashauri aliliandikia shirika la Serikali lililomiliki migodi, akieleza hatari ya tope lililomwagwa nyuma ya shule ya Pantglas. Alijibiwa kwa maneno ya kumtuliza, na lundo likaendelea kukua. Mwanzoni mwa mwaka 1965 akina mama wa shule hiyo walipeleka malalamiko yao juu ya maji machafu yaliyofurika shuleni. Hayo nayo yakapokelewa.

Tarehe 21 Oktoba 1966, siku ya Ijumaa, wafanyakazi wa mlimani walifika saa moja na nusu asubuhi, wakakuta kilele cha lundo kimedidimia kwa kadiri ya mita 3. Simu haikuwapo. Ilikuwapo zamani, lakini waya wake ulikuwa ukiibwa mara kwa mara. (Sisi wa Katanga, ambako kebo za shaba hulala nje ya ardhi usiku mmoja tu, tutalielewa jambo hilo bila kuelezwa.) Basi mtu mmoja akatumwa kushuka kwa miguu hadi mgodini. Alirudi karibu saa tatu akiwa na msimamizi, na lundo lilikuwa limedidimia zaidi. Amri aliyoileta ilikuwa njema: wasimwage tena taka pale, wiki ifuatayo patatafutwa mahali papya. Wakakubaliana wanywe kwanza chai. Ilipofika yapata saa tatu na robo, lundo likaondoka. Chini kulikuwa na ukungu, na walio juu hawakukiona kijiji. Watoto wa Pantglas walikuwa ndiyo kwanza wameingia madarasani, siku ya mwisho kabla ya likizo fupi. Walikufa watu 144. Watoto walikuwa 116.

Nawaomba mtue hapa kidogo, mwone jinsi taarifa ya asubuhi ile ilivyosafiri. Wafanyakazi waliona, na walisema. Mjumbe alikwenda, na alisikilizwa. Amri ilitolewa. Kila mtu alifanya jambo fulani, lakini katika safari ile yote ya saa karibu mbili, taarifa ilipanda na kushuka ndani ya mgodi peke yake. Kijijini haikufika. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuipeleka huko. Baraza la uchunguzi, lililoongozwa na jaji Edmund Davies, lilisema kwamba hata simu ingekuwapo, isingewaokoa wale watoto, kwa kuwa lundo lilipoanza kuteleza hapakuwa tena na muda. Nakubali, lakini nabaki na swali langu: muda ulianza kupotea saa moja na nusu asubuhi ile, au mwaka 1963?

Baraza hilo lilikaa siku 76, likawasikiliza mashahidi 136. Mwenyekiti wa shirika la makaa, Lord Robens, alikuwa amewaambia watu kwamba chanzo ni chemchemi isiyojulikana. Baraza halikukubali. Lilieleza kwamba hapakuwa na mtu mwovu aliyekusudia kuua. Palikuwa na ujinga, uzembe, na maneno ambayo hayakufika yalikotakiwa kufika. Lawama ikawekwa juu ya shirika, watumishi 9 wakatajwa kwa majina, lakini hakuna aliyeshitakiwa mahakamani. Na kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka hunichoma. Kwa sheria ya migodi ya wakati ule, kwa kuwa hakuuawa mfanyakazi yeyote wa mgodi, ile haikuhesabiwa hata kuwa ajali ambayo ni lazima itolewe taarifa. Watoto 116 hawakuwa na mahali katika fomu. Katika kikao cha kuthibitisha vifo, baba mmoja alikataa maneno ya kitaalamu, akataka iandikwe kwamba mwanawe alizikwa hai na shirika la makaa.

Baadaye wazazi walipodai malundo yaliyobaki juu ya kijiji yaondolewe, paundi 150,000 zilichukuliwa katika mfuko wa michango ambayo dunia nzima ilikuwa imewatumia wafiwa. Zilirudishwa mwaka 1997, bila faida.

Habari ya Aberfan iliwashtua Wamarekani. Serikali yao iliwatuma wataalamu kukagua malundo ya taka za makaa katika milima yao, na miongoni mwa mahali walipopita ni kule kule Buffalo Creek. Waliandika kwamba ukuta uliokuwapo wakati huo ungeweza kubomolewa na maji. Mwaka 1968 mama mmoja wa kijiji cha Saunders, kijiji cha kwanza chini ya ukuta, alimwandikia gavana barua akieleza hofu yake. Kampuni ikajenga ukuta mwingine mkubwa zaidi nyuma ya ule wa kwanza, ukiwa umekaa juu ya tope la zamani, bila mfereji wa maana wa kutolea maji yakizidi. Siku nne kabla ya kubomoka, mkaguzi wa Serikali aliupitia na kuona kwamba unaridhisha. Usiku wa mwisho, wakubwa wa mgodi walikuwa wakipima jinsi maji yanavyopanda. Wakazi wachache waliojionea wenyewe walikimbia na jamaa zao. Kampuni haikutoa onyo kwa bonde.

Mnaona basi kwa nini nakataa tuseme kwamba watu hawakujua. Mtaalamu alijua, mama wa Saunders alijua, wapimaji wa usiku walijua. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye jina, ambaye sheria ingemwambia: ukipokea taarifa hii, ni lazima utende jambo hili, kabla ya saa hii, na usipotenda utajibu wewe.

Baada ya Buffalo Creek, Marekani iliandika kanuni za namna hiyo, nazo zinastahili kusomwa na kijana yeyote anayedhani kwamba sheria ni maneno makubwa tu. Kampuni haiwezi kujenga bwawa kubwa la taka za makaa kabla mchoro wake haujakubaliwa na Serikali. Bwawa likishajengwa, mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa hulikagua kila baada ya siku 7, hupima vyombo vilivyozikwa ndani ya ukuta kuonyesha maji yamefika wapi, na huandika alichokiona. Kila mwaka mhandisi aliyesajiliwa huweka sahihi yake juu ya taarifa nzima. Dalili ya hatari ikionekana, kampuni hairuhusiwi kungoja mkutano: yapasa kushughulikia hatari mara moja, kumjulisha mkuu wa ukaguzi wa eneo lile, kujiandaa kuwaondoa wafanyakazi, na kumweka mtu wa kulitazama bwawa angalau mara moja kila baada ya saa 8. Tena kila bwawa huwekewa kibao cha kudumu, kirefu cha futi 6, chenye namba yake na jina la anayeliendesha. Kibao hicho nakipenda kuliko vifungu vingine vyote. Mchungaji wa mbuzi apitaye pale anajua jina la kutaja.

Hata hivyo kanuni hiyo ina pengo, na pengo lenyewe linafanana na fomu ile ya Aberfan. Inataja kuwaondoa wachimba makaa. Ni kanuni ya usalama wa wafanyakazi, na wakazi wa bondeni wameachiwa sheria nyingine, ya mwaka 1977, yenye wakaguzi wengine. Kwa ofisi jambo hilo ni la kawaida. Kwa mtoto alalaye chini ya ukuta, maji hayaulizi yeye ni wa ofisi gani.

Wala tusidhani kwamba karatasi nzuri hulizuia tope. Tarehe 11 Oktoba 2000, katika wilaya ya Martin, jimbo la Kentucky, ukuta wa bwawa ulisimama imara, lakini sakafu yake ilitoboka juu ya mgodi wa zamani uliokuwa chini, na zaidi ya lita bilioni 1 za tope zikatokea upande wa pili na kujaza mito. Hakufa mtu. Bwawa hilo hilo lilikuwa limevuja kwa njia hiyo hiyo mwaka 1994. Kulikuwa na kanuni, ukaguzi na taarifa, lakini onyo la kwanza lilishughulikiwa kwa kadiri ya kuweza kuendelea na kazi. Mhandisi Jack Spadaro, ambaye akiwa kijana alishiriki katika uchunguzi wa Buffalo Creek, alijitoa katika timu iliyochunguza tope la Kentucky, akilalamika kwamba ukweli unapunguzwa makali.

Na Wales? Mwaka 1969 walipata sheria ya malundo, lakini nguvu yake kubwa ilikuwa juu ya migodi inayofanya kazi. Migodi ikafungwa, malundo yakabaki. Mwezi Februari 2020, baada ya mvua kubwa, lundo la zamani liliteleza huko Tylorstown. Hakuna aliyeumia, lakini watu walishtuka, wakaanza kuyahesabu: malundo yasiyotumika yalipita 2,500. Ilichukua hadi mwaka 2025 kupitisha sheria ya kuyawekea mamlaka yake yenyewe, yenye kazi ya kuyakagua, kuyapanga kwa kadiri ya hatari, na kuwaonyesha wananchi daftari lake. Karibu miaka 60 baada ya Pantglas! Nchi tajiri, yenye wahandisi na kumbukumbu, imehitaji muda wote huo kukubali kwamba mwananchi anayo haki ya kujua kilicho juu ya paa lake.

Kwetu makaa ya mawe ni kidogo. Yalichimbwa Luena na kule Kalemie kandokando ya Lukuga. Lakini mabwawa ya mabaki ya shaba na kobalti tunayo, nayo yanafuata maumbile yale yale ya maji na udongo. Tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo tu ya mpaka wetu, huko Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la namna hiyo ulibomoka, maji ya asidi yakaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Sheria zetu hazinyamazi. Msimbo wa Madini uliorekebishwa mwaka 2018 unamtaka mwenye mgodi alipe madhara yanayoletwa na kazi yake, hata kama hakuna kosa lililothibitishwa juu yake. Ni jambo kubwa. Lakini kulipa hufuata msiba, na mimi nasema juu ya yale yanayotangulia: nani anakagua, lini, anamwandikia nani, na je, wakazi wa chini wanaweza kuisoma taarifa hiyo katika lugha wanayoielewa?

Najua kijana mmoja atanijibu: baba yangu anafanya kazi huko, mkate wetu unatoka huko. Jibu hilo silidharau. Aberfan nako mgodi ndio uliokuwa uhai wa kijiji, na wengi waliogopa kwamba wakipiga kelele nyingi utafungwa. Ndiyo maana sipendi mtu mmoja atumwe kuwa shujaa. Mfanyakazi aliyeona ufa akisema peke yake, anajulikana kesho yake. Kikundi cha vijana kikiandika kwa jina la kikundi, kikipitia kwa padri paroko na kwa mkuu wa mtaa, hakuna wa kuitwa ofisini kuulizwa kwa nini amesema.

Wala si kazi ya kuhitaji elimu ya uhandisi. Dalili ambazo wakazi wanaweza kuziona kwa macho zinajulikana: maji yanayotoka chini ya ukuta pale ambapo jana palikuwa pakavu, maji hayo yakibadilika kutoka meupe kuwa ya tope, ufa mrefu juu ya ukuta, miti iliyoanza kuinama, sehemu iliyodidimia, bwawa linalokaribia kufurika wakati wa masika. Andikeni siku na saa. Andikeni mahali, kwa kutaja mti, njia au nyumba iliyo karibu. Andikeni mlichokiona, siyo mnachokidhania, na msiongeze chumvi, kwa kuwa neno moja la uongo litatumiwa kuyafuta yote ya kweli. Ulizeni kwa adabu jina la mwenye wajibu wa kujibu, na siku atakayojibu. Barua iwe ya nakala mbili: moja ibaki ofisini, na ya pili, ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa, irudi ikatunzwe katika sanduku la kikundi, pamoja na daftari la michango.